Ngiri ya kiwambo: Uhai wa mtoto mchanga huamuliwa kabla ya kisu cha daktari

MTOTO anazaliwa katika kituo cha afya wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Mimba ilitimia, uzito ni mzuri na mama hana tatizo lolote. Lakini dakika chache baada ya kulia, midomo ya mtoto inaanza kugeuka rangi na kuwa ya bluu, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, na tumbo lake limebonyea kana kwamba halina kitu. Mkunga anapoweka kifaa cha kusikilizia kifuani, mapigo ya moyo anayasikia upande wa kulia badala ya kushoto.

Dalili hizo zikikutana kwa mtoto mmoja, jambo la kwanza la kufikiriwa ni ngiri ya kiwambo ya kuzaliwa nayo, ambayo hospitalini huitwa pia henia ya diaframu. Ni kasoro ya maumbile isiyojulikana sana miongoni mwa wazazi, lakini ni moja ya zile zinazoua watoto wachanga kwa haraka.

Katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto takriban 7 kati ya kila 10 wanaofikishwa wakiwa hai hutibiwa na kurudi nyumbani na wazazi wao. Kwa mtoto anayezaliwa Ruangwa au Nachingwea, matokeo hutegemea zaidi mambo yanayotokea kabla hajaonana na daktari wa upasuaji: kama kasoro iligunduliwa angali tumboni, mkunga alifanya nini katika dakika za mwanzo, na safari ya kwenda hospitali ya rufaa iliandaliwa vipi.

Kiwambo ni nini

Kiwambo ni msuli mpana ulio kama paa la kuba, unaotenganisha kifua na tumbo. Juu yake yamo mapafu na moyo. Chini yake wamo ini, tumbo la chakula, wengu na utumbo. Msuli huo ndio unaofanya kazi kubwa ya kuvuta hewa. Ukishuka, mapafu hujaa hewa. Ukipanda, hewa hutoka.

Katika mimba ya kawaida kiwambo hujiunga na kufunga kabisa mwishoni mwa mwezi wa pili au mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Wakati mwingine sehemu moja haifungi na tundu linabaki. Utumbo, tumbo la chakula, na mara nyingine wengu na ini, hupenya katika tundu hilo na kukaa kifuani, mahali palipotengwa kwa ajili ya mapafu.

Kasoro hiyo hutokea kwa mtoto mmoja katika kila vizazi 2,500 hadi 4,000 hivi. Watoto zaidi ya 8 kati ya 10 huwa nayo upande wa kushoto, wachache upande wa kulia, na kwa nadra sana pande zote mbili. Aina iliyo ya kawaida zaidi, ambayo tundu huwa nyuma na pembeni, inaitwa kwa jina la Bochdalek, mtaalamu wa anatomia wa Prague aliyeieleza mwaka 1848.

Tanzania ina vizazi zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Kwa hesabu nyepesi ya mtoto mmoja katika kila vizazi 3,000, taifa linapata watoto zaidi ya 600 wenye kasoro hii kila mwaka. Wilaya yenye vizazi 3,000 kwa mwaka inaweza kutarajia mtoto mmoja. Idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba mkunga anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mtoto wa aina hiyo, na siku atakapokutana naye hatakuwa na muda wa kwenda kufungua kitabu.

Tatizo ni mapafu, si tundu

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ngiri ya kiwambo, kuziba ufa peke yake hakutoshi.

Sababu ni kwamba utumbo ulioingia kifuani tangu miezi ya mwanzo ya mimba huyanyima mapafu nafasi ya kukua. Pafu la upande wenye tundu hubaki dogo sana, na hata la upande wa pili huathirika kwa kuwa moyo umesukumwa upande huo. Vifuko vya hewa huwa vichache. Mishipa ya damu ndani ya mapafu huwa michache pia, yenye kuta nene na tabia ya kujibana.

Tumboni mwa mama hali hiyo haimdhuru mtoto, kwa kuwa oksijeni yake huipata kupitia kondo la nyuma na kitovu. Taabu huanza kitovu kinapokatwa. Mapafu madogo hayatoshelezi kazi, mishipa yake inajibana, shinikizo la damu ndani ya mapafu linapanda, na damu inazunguka mwilini bila kupata oksijeni ya kutosha. Oksijeni ikipungua, mishipa hujibana zaidi. Huo ndio mzunguko unaomuua mtoto, na hauondoki kwa kushona tundu.

Kwa hiyo, anapoulizwa kama mtoto atapona, daktari hutazama mambo matatu makuu: ukubwa wa mapafu, iwapo ini nalo limepanda kifuani, na iwapo kuna kasoro nyingine mwilini, hasa ya moyo. Mtoto mwenye mapafu ya wastani, ini lililobaki chini na moyo usio na kasoro ana matumaini makubwa. Mwenye mapafu madogo sana pamoja na kasoro ya moyo yuko katika hatari kubwa hata akizaliwa ndani ya hospitali yenye vifaa vyote.

Kutoka haraka ya upasuaji hadi subira

Mwaka 1946 daktari Robert Gross wa Boston, Marekani, alimfanyia upasuaji wenye mafanikio mtoto aliyekuwa hajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, madaktari duniani waliamini kuwa ngiri ya kiwambo ni dharura ya kisu: mtoto akizaliwa apelekwe moja kwa moja chumba cha upasuaji, utumbo urudishwe tumboni na tundu lizibwe.

Matokeo hayakuwa ya kuridhisha. Watoto wengi walitoka chumba cha upasuaji wakiwa wameshonwa vizuri, kisha wakafariki siku hiyo au ya pili kwa sababu mapafu yao hayakuweza kuhimili. Kuanzia miaka ya 1980 fikra zilibadilika. Mtoto sasa hutulizwa kwanza: anasaidiwa kupumua, shinikizo la damu linarekebishwa, na mapafu yanapewa muda wa kuzoea hewa. Upasuaji hufanyika baada ya siku moja, mbili au zaidi, hali ikiwa imetulia.

Badiliko la pili lilihusu mashine za kupumulia. Zamani mashine zilisukuma hewa kwa nguvu ili oksijeni ipande kufikia kiwango cha mtoto mzima wa afya. Nguvu hiyo iliyapasua mapafu machanga. Leo wataalamu huridhika na kiwango cha chini kidogo cha oksijeni, mradi viungo muhimu vya mwili havipungukiwi, na hupuliza hewa kwa upole. Hospitali nyingi zilizofuata njia hiyo zilishuhudia vifo vikipungua bila kununua kifaa kipya chochote.

Badiliko hilo lina maana kubwa kwa maeneo yaliyo mbali na madaktari bingwa. Iwapo upasuaji unaweza kusubiri, basi umbali peke yake hauhesabiki kuwa hukumu ya kifo. Kinachohitajika ni mtoto kufika akiwa ametulizwa.

Vifo visivyoandikwa

Takwimu za kupona zina mtego ndani yake. Mwaka 1978 daktari Michael Harrison na wenzake, wakitumia kumbukumbu za Norway, walionyesha kuwa hospitali kubwa zilikuwa zikihesabu watoto waliofika kwao tu. Waliofariki tumboni, waliofariki dakika chache baada ya kuzaliwa, na waliofariki njiani hawakuwa katika hesabu. Wataalamu wakaviita vifo vilivyofichika.

Mtego huo una nguvu zaidi katika nchi ambako safari ni ndefu. Hospitali ya rufaa inaweza kuonyesha kuwa watoto wengi iliowapasua kwa ngiri ya kiwambo walipona, kumbe waliofika ni wale wenye mapafu yenye nafuu, waliomudu kuishi siku mbili au tatu bila msaada mkubwa. Waliokuwa dhaifu zaidi walizikwa kijijini, na katika daftari sababu ya kifo ikaandikwa kuwa ni kushindwa kupumua, au haikuandikwa kabisa.

Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2021 unatoa picha pana. Ulihusisha hospitali 264 katika nchi 74 na watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro saba za mfumo wa chakula na sehemu zinazouzunguka, ngiri ya kiwambo ikiwa miongoni mwake. Kwa jumla, vifo vilikuwa asilimia 39.8 katika nchi zenye kipato cha chini, asilimia 20.4 katika nchi za kipato cha kati, na asilimia 5.6 katika nchi tajiri.

Utafiti huo ulibainisha pia mambo yanayoambatana na vifo: mtoto kufika tayari ana maambukizi katika damu, mashine ya kupumulia kukosekana inapohitajika, lishe ya mishipani kukosekana, na orodha ya usalama wa upasuaji kutotumika. Kasoro waliyozaliwa nayo watoto hao ilikuwa ni zile zile saba duniani kote. Kilichotofautiana sana ni huduma iliyowazunguka.

Kwa Tanzania, hesabu hii inagusa lengo la taifa zima. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 katika kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa 2015/16. Vifo vya watoto wachanga, yaani wa siku 28 za kwanza, vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu. Malaria, kuhara na surua vinapodhibitiwa, kundi linalobaki nyuma ni la watoto wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza, na kasoro za kuzaliwa nazo zina sehemu yake humo.

Ambu: mkombozi mwenye makali mawili

Tangu mwaka 2009 wakunga wa Tanzania wamekuwa wakifundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya dakika ya kwanza kwa kumkausha, kumchangamsha, na ikibidi kumpulizia hewa kwa mfuko wenye barakoa, maarufu kwa jina la ambu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 na watafiti wakiongozwa na Dk. Georgina Msemo: katika hospitali nane zilizofuatiliwa, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47.

Mafanikio hayo hayana mjadala. Lakini mtoto mwenye ngiri ya kiwambo ni mmoja wa wachache ambao ambu inaweza kuwadhuru. Hewa inayopulizwa kwa barakoa huingia si kwenye mapafu tu, bali pia kwenye tumbo la chakula na utumbo. Kwa kuwa viungo hivyo vimo kifuani, vinapojaa hewa huvimba na kuyabana mapafu na moyo. Mtoto aliyekuwa akijitahidi kupumua anaweza kuzidiwa mbele ya macho ya wanaomhudumia. Hali kadhalika, mashine ya kusukuma hewa puani, inayowafaa sana watoto njiti, haishauriwi kwa ngiri ya kiwambo kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa inafaa kueleweka vema. Mkunga asiyejua kuwa mtoto ana ngiri ya kiwambo, na mtoto hapumui, lazima atumie ambu kama alivyofundishwa. Kumwacha bila hewa ni kumuua kwa hakika. Tahadhari inahusu mtoto ambaye kasoro yake imejulikana kwa kipimo kabla ya kuzaliwa, au ambaye dalili zake zinaielekeza: tumbo lililobonyea, kifua kilichovimba upande mmoja, na mapigo ya moyo yaliyohama.

Kwa mtoto wa aina hiyo, miongozo ya kimataifa inaelekeza aingizwe mpira wa kupumulia katika koromeo mapema na mtaalamu anayeweza kazi hiyo, badala ya kupuliziwa kwa barakoa. Pasipo na mtaalamu huyo, na mtoto akawa anapumua mwenyewe, hupewa oksijeni ya kawaida puani. Akishindwa kupumua kabisa, ambu hutumika kwa nguvu ndogo kadiri inavyowezekana huku tumbo likiondolewa hewa.

Kuondoa hewa tumboni ndiyo hatua iliyo rahisi na yenye faida kubwa kuliko zote. Mpira mwembamba hupitishwa puani au mdomoni hadi kwenye tumbo la chakula, mwisho wake ukaachwa wazi, na hewa ikavutwa kwa bomba la sindano kila baada ya muda mfupi. Mpira huo ni kifaa cha bei ndogo ambacho hospitali ya wilaya hukitumia kila siku kwa wagonjwa wengine.

Hatua nyingine ni kutomnyonyesha wala kumpa chochote mdomoni, kumwekea maji yenye sukari kwenye mshipa, kumpa joto, kumlaza kwa upande wenye ngiri kichwa kikiwa kimeinuliwa, na kupima oksijeni katika mkono wa kulia. Picha ya eksirei ya kifua huthibitisha ugonjwa kwa kuonyesha vifuko vya hewa vya utumbo mahali pa pafu. Mama anaweza kukamua maziwa yake na kuyatunza kwa ajili ya siku mtoto atakaporuhusiwa kula.

Safari ya kwenda rufaa

Upasuaji wa watoto wachanga nchini hufanywa katika hospitali chache kubwa, zikiwamo Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Kwa mkazi wa Ruangwa na Nachingwea, Muhimbili ndiyo iliyo jirani zaidi kati ya hizo tatu, na ujirani huo ni wa mamia ya kilomita. Kutoka Lindi mjini peke yake hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450.

Katika mpangilio wa huduma, mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, akaenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Lindi ni Sokoine. Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa eneo la Mitengo ili kupunguza safari za wakazi wa kusini kwenda Dar es Salaam. Aidha zipo hospitali za kanisa zilizohudumia ukanda huo kwa miongo mingi, kama Ndanda na Nyangao.

Kwa mtoto mwenye ngiri ya kiwambo, kila kituo cha njiani kina faida na hasara. Faida ni kwamba anaweza kutulizwa. Hasara ni kwamba kila anapohamishwa kutoka kitanda hadi gari na gari hadi kitanda, oksijeni inaweza kukatika, mpira wa tumboni ukachomoka na joto likapotea. Ndiyo maana simu ya hospitali inayotuma kwenda kwa ile inayopokea, kabla gari halijaondoka, ina thamani sawa na dawa. Daktari wa Muhimbili akielezwa hali ya mtoto anaweza kushauri asafirishwe sasa au asubiri atulie, na apitie wapi.

Barabara nayo ina neno lake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, wasafiri wa kusini walitegemea kivuko. Daraja lilifuta adha hiyo, lakini mvua bado hutawala. Mwaka 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam katika maeneo ya Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili.

Msaada mmoja uliopo ni mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao huwasafirisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga wenye dharura. Mtu hupiga namba 115 bila malipo, na mratibu hutafuta gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa familia ya Mbekenyera, Namichiga au Kilimarondo, namba hiyo inaweza kuokoa saa za kutafuta gari usiku.

Kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24

Safari iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo mtoto huifanya akiwa bado tumboni. Mama aliyegunduliwa mapema anaweza kusafiri kwa basi wiki kadhaa kabla ya kujifungua, akakaa kwa ndugu Dar es Salaam, na mtoto akazaliwa mahali ambapo mpira wa kupumulia, mashine na madaktari wanamsubiri. Hakuna gari la wagonjwa linaloweza kushindana na usalama huo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kuwa kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho kinaweza kuonyesha tumbo la chakula likiwa kando ya moyo, au moyo uliosukumwa upande wa kulia. Kinachotakiwa ni mpimaji kuwa na mazoea ya kutazama kifua cha mtoto, badala ya kuishia kwenye umri wa mimba, mlalo wa mtoto na jinsia ambayo wazazi wengi huja kuiuliza.

Tatizo ni kwamba wajawazito wengi huanza kliniki mimba ikiwa imekwenda. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 65 tu ya wajawazito nchini walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Katika wilaya za wakulima wa korosho na ufuta, msimu wa shamba na hali ya mfuko huamua pia lini mama atafunga safari ya kwenda kupima. Sera ya nchi inaelekeza wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali, lakini nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza mtoto mbali na nyumbani hubaki mzigo wa familia.

Matibabu akiwa tumboni

Nchi tajiri zimekwenda hatua nyingine. Kwa watoto wenye mapafu madogo kupita kiasi, madaktari huingiza puto dogo katika koo la hewa la mtoto akiwa bado tumboni, ili majimaji yanayotengenezwa na mapafu yabaki ndani na kuyatanua. Puto huondolewa kabla ya kujifungua.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021, ukiongozwa na Profesa Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto wenye hali mbaya zaidi upande wa kushoto, asilimia 40 ya waliowekewa puto walitoka hospitalini wakiwa hai, ikilinganishwa na asilimia 15 ya wasiowekewa. Kwa wenye hali ya wastani tofauti haikuwa ya kutosha kuthibitisha faida. Aidha puto liliongeza uwezekano wa kuzaliwa njiti. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba hata penye utaalamu wa juu kabisa, zaidi ya nusu ya watoto walio katika kundi baya zaidi hufariki.

Wanaogunduliwa wakiwa wakubwa

Lipo kundi dogo la watoto ambao tundu lao ni dogo au lilizibwa na kiungo kwa muda, na hivyo mapafu yao yakakua vizuri. Hao huzaliwa bila dalili. Baada ya miezi au miaka huanza kukohoa mara kwa mara, kupumua kwa shida, kutapika, au kutoongezeka uzito.

Wengi hutibiwa nimonia kwa kurudiarudia, na wengine kifua kikuu. Picha ya eksirei inaweza kudhaniwa kuwa ya hewa iliyojaa nje ya pafu. Bomba likichomekwa kifuani kwa dhana hiyo, linaweza kutoboa tumbo la chakula au utumbo. Kupitisha kwanza mpira wa tumboni na kupiga picha tena hutatua fumbo hilo, kwa kuwa mpira utaonekana umejikunja kifuani.

Kundi hili ndilo lenye matokeo mazuri kuliko yote. Mapafu yakiwa yamekomaa, upasuaji wa kurudisha viungo na kuziba tundu huwaponya karibu wote, mradi utumbo haujajisokota na kuoza. Kwa hiyo mtoto anayelazwa kwa nimonia upande ule ule kwa mara ya tatu anastahili picha ya kifua kabla ya kuandikiwa tena dawa zile zile.

Baada ya kushonwa

Kutoka hospitalini si mwisho wa matibabu. Baadhi ya watoto hucheua sana, huongezeka uzito polepole, hushikwa na maradhi ya kifua kwa wepesi, au hupungukiwa usikivu wa masikio. Tundu linaweza kufunguka tena, hasa lile lililokuwa kubwa na kuzibwa kwa kiraka. Kadi ya kliniki ya mtoto huyo inapaswa kuandikwa waziwazi alifanyiwa nini, ili mhudumu wa zahanati ya kijijini atakayemwona miaka miwili baadaye ajue kwa nini kukohoa kwake kusichukuliwe kuwa jambo dogo.

Wazazi nao wana haki ya maelezo. Kwa watoto wengi chanzo cha kasoro hii hakijulikani. Wachache huwa na hitilafu katika vinasaba. Haitokani na chakula alichokula mama, kazi aliyofanya shambani, wala ugomvi wa ukoo. Pale ambapo kasoro ilikuwa peke yake, uwezekano wa kujirudia katika mimba ijayo ni mdogo, takriban 2 kwa 100, na mimba hiyo inafaa ipimwe mapema.

Kwa mtoto atakayezaliwa Ruangwa akiwa na mapafu madogo mno, huenda juhudi zote zisitoshe, na familia inastahili kuambiwa hivyo kwa upole na ukweli. Lakini yupo mwingine, mwenye mapafu ya kutosha kuishi, ambaye hufariki kwa sababu tumbo lilijaa hewa, alipoa garini, au hakuna aliyepiga simu mbele. Huyo anaweza kuokolewa kwa kipimo kimoja cha ultrasaundi, mpira mwembamba wa tumboni, blanketi na simu iliyopigwa kabla gari halijawashwa.